Kukata mkondo mbele ya meli: sheria ambayo wavukaji wa Kilindini hatujafundishwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu lalamiko nililolisoma katika ukurasa huu wa barua, na ambalo hulisikia karibu kila asubuhi nikiwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, tunakovuka mkondo wa Kilindini, njia ya meli za bandari, kwenda kisiwa cha Mombasa. Lalamiko lenyewe ni kwamba feri huzuiliwa gatini ikiwa imekwisha kujaa watu na magari, mlango wake wa mbele umekwisha kuinuliwa, ili meli moja ya mizigo ipite. Na kwamba kufanya hivyo ni kumthamini mwenye makontena kuliko mfanyakazi anayewahi kibarua chake kisiwani. Nimefanya kazi ya bahari kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kama baharia katika mashua za kuvusha watu na baadaye katika boti za bandarini, na mambo yanayolalamikiwa nimeyaona nikiwa pande zote mbili. Nahodha wa feri anayesubiri anatii sheria ya bahari, na sheria hiyo ina sababu ambazo mtu anaweza kuziona kwa macho yake akisimama tu Likoni na kutazama maji. Linalonisikitisha ni kwamba wanaoihitaji zaidi, yaani wavukaji na wenye vyombo vidogo, hawajawahi kufundishwa kwa lugha wanayoielewa.

Sheria ninayoizungumzia ni Kanuni ya 9 katika Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, ambazo mkataba wake ulikamilishwa London tarehe 20 Oktoba 1972 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 1977. Kanuni hiyo inahusu njia nyembamba za maji. Inaagiza kwamba chombo kinachofuata njia hiyo kikae karibu na ukingo wa upande wake wa kulia kadiri usalama unavyoruhusu. (Vijana wengi hukosea hapa, kwa kuwa barabarani Kenya twashika kushoto na baharini dunia nzima yashika kulia, na aliyetoka kuendesha matatu akaingia kuendesha boti huja na mazoea yake.) Inaagiza pia kwamba chombo chenye urefu usiofika mita 20, pamoja na chombo cha tanga, visiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama ila ndani ya njia hiyo; kwamba mvuvi aliye kazini asizuie chombo chochote kinachopita humo; na kwamba nanga isitiwe katika njia nyembamba ikiwa hali inaruhusu kuepuka jambo hilo. Kisha kuna kifungu kinachotuhusu sisi tunaovuka kutoka Likoni na Mtongwe kuliko watu wote: chombo kisikate njia nyembamba ikiwa kwa kukata huko kitazuia mwendo wa meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya njia hiyo.

Kifungu hicho hakisemi lolote juu ya urefu wa chombo kinachovuka. Mtumbwi wa kasia moja unahusika, mashua ya injini inahusika, na feri kubwa iliyobeba malori inahusika vilevile, hata iwe na abiria wangapi.

Mtu atauliza kwa nini meli isipunguze mwendo au kusimama, maana gari likiona watu wanavuka husimama. Jina la Kilindini latokana na kilindi, na kweli maji yake ni marefu, lakini urefu huo hauko kila mahali kutoka ufuo hadi ufuo. Meli kubwa ina njia yake iliyochimbwa na kuwekewa maboya, na nje ya njia hiyo kuna miamba na mafungu ambayo mvuvi mwenye mtumbwi huyapita juu bila hata kuyafikiria. Meli inayoingia kutoka bahari kuu, ikiwa na rubani wa bandari (mjuzi wa maji ya hapa anayeiongoza meli) juu yake, hupita kwenye uwazi wa mwamba, hugeuka kuufuata mkondo chini ya Ras Serani, na mara hujikuta mbele ya kivuko cha Likoni kabla haijafika kwenye magati au kwenye gati la mafuta la Kipevu. Haina pa kukwepea kulia wala kushoto. Ikipunguza mwendo kupita kiasi, maji hayasukumi tena usukani kwa nguvu ya kutosha, na hapo mkondo wa maji kujaa au kupwa ndio unaoiamulia iende wapi. Ikirudisha injini nyuma, omo yake, yaani sehemu yake ya mbele, huanza kupotea mstari, na shehena ya makumi ya maelfu ya tani haikubali breki kama bodaboda.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme meli inakuja kwa mwendo wa noti 8, yaani takribani kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao mtu wa nchi kavu angeuona wa kinyonga. Kila dakika meli hiyo inasonga karibu mita 250. Feri ikichukua dakika tano kutoka gati hadi gati, meli imekwisha kula zaidi ya kilomita moja. Abiria aliyeketi ukingoni akaitazama kwa mbali, ikiwa ndogo na imetulia, hawezi kuamini kwamba atakutana nayo katikati ya maji, na kwa sababu hiyo humpigia nahodha kelele kwamba anachelewesha watu.

Nitaeleza jambo lililonitokea, kwa kuwa ndilo lililonifunza maana ya kanuni hii kabla sijaisoma mahali popote. Nilikuwa kijana, baharia katika mashua ya injini iliyovusha watu kutoka upande wa Mtongwe. Asubuhi moja tulikuwa na abiria kumi na wanne, magunia mawili ya makaa, na mama mmoja aliyepakata kikapu cha mahamri kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Meli ilikuwa inatoka bandarini, nasi tuliiona vizuri. Nahodha wetu aliipima kwa jicho, akasema, "Tunapita," na akang'oa nanga. Tulipofika katikati, injini ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena, kisha ikazima. Kulikuwa na maji ndani ya mafuta, tulikuja kugundua baadaye.

Meli ikapiga honi mara tano, fupi fupi, za haraka. Nilikuwa nimechutama juu ya injini, na nilipoinua kichwa niliona namba nyeupe zilizochorwa kwenye omo kuonyesha meli imezama kiasi gani, nikaona kutu iliyochuruzika kutoka kwenye tundu la nanga, nikaona maji yaliyovimba mbele yake kama mgongo wa mnyama. Lakini kitu ambacho hakijanitoka hadi leo ni vioo vya chumba cha usukani. Nilikuwa nikiviona juu kule, vikimeta kwa jua. Kisha omo ikapanda mbele yangu na vioo vikatoweka. Niliposhindwa kuviona vioo, ndipo nilipofahamu kwamba aliyekuwa nyuma ya vioo hawezi kutuona sisi. Injini ilishika kwa mvuto wa sita au wa saba wa kamba. Tulitoka mbele ya ile meli kwa umbali ambao sithubutu kuutaja, maana sitaaminiwa, na wimbi lake likatumwagia maji mahamri yote.

Abiria walimpigia nahodha makofi. Naye hakuwa mtu mbaya wala mlevi. Alikuwa mzoefu, na tulipofika pwani alitetea uamuzi wake kwa hoja. Alisema aliwahi kuelezwa na baharia wa meli kubwa kwamba vyombo viwili vya injini vikikatana njia, kile kinachomwona mwenzake upande wake wa kulia ndicho kinachopaswa kumpisha. Meli ile ilikuwa inatoka, nasi tulikuwa tunatoka Mtongwe kuelekea kisiwani, kwa hiyo tulikuwa upande wa kulia wa meli. Basi ilikuwa juu yake kutupisha.

Aliyoyasema yamo katika kanuni kweli, katika Kanuni ya 15, na ukiyasoma peke yake utadhani ana haki. Hata feri inayotoka kisiwani kwenda Likoni wakati meli inaingia kutoka baharini imo upande wa kulia wa meli hiyo, na nimewasikia watu wazima wakibishana kwamba kwa safari hiyo feri ina haki na kwa safari ya kurudi haina. Wanachokisahau ni kwamba Kanuni ya 15 inasubiri vyombo viwe vimekwisha kukaribiana kwa hatari, ilhali katazo la kukata njia nyembamba linaanza kabla ya hapo, wakati kamba ya chombo kinachovuka bado imefungwa gatini. Swali la kwanza analotakiwa kujiuliza nahodha anayevuka ni kama aanze safari au asianze. Akiona kwamba kuanza kwake kutamlazimisha mwenye meli abadilishe mwendo au mwelekeo, jibu ni asianze, na habari ya kulia na kushoto haipati nafasi ya kuzuka. Kanuni ya 8 inafafanua kwamba aliyeamriwa asizuie chombo kingine achukue hatua mapema, ili aache maji ya kutosha kwa mwenzake kupita salama. Neno mapema ndilo uzito wa kifungu kizima, na nahodha wa feri anayesubiri na mlango uliokwisha kuinuliwa analitimiza neno hilo mbele ya macho yetu.

Lakini nisieleweke kwamba meli imepewa bahari iwe mali yake. Kanuni hiyohiyo ya 8 inasema kwamba chombo ambacho mwendo wake haupaswi kuzuiwa bado kinabanwa na kanuni zote pale hatari ya kugongana inapozuka. Mtumbwi ukiwa umekwisha kuingia mkondoni, kwa kosa au kwa injini kuzima kama yetu, meli haiwezi kusema "nilikuwa na haki" na kuendelea mbele. Inapaswa kuwa na mtu wa kuangalia mbele kwa macho na masikio, kwenda kwa mwendo wa salama, na kufanya kila inaloweza kuepusha maafa. Naamini kabisa kwamba rubani na nahodha wa meli ile walifanya walichoweza asubuhi ile, na huenda ndiyo sababu niko hai leo kuandika barua hii.

Tena kuna mpaka wa wanachoweza, na mpaka huo umeandikwa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unakubali kwamba kutoka mahali pa kuongozea meli, maji yaliyo mbele ya omo yanaweza kufichika hadi umbali wa urefu wa meli mara mbili au mita 500, kutegemea upi ni mdogo. Meli iliyopangwa makontena juu hadi mbele inaweza kuwa halali kabisa kisheria na bado isione chochote katika maji hayo. Aliyemo ndani ya mtumbwi kwenye maji hayo hayupo machoni pa mtu yeyote anayeshika usukani.

Kuhusu zile honi tano, nimeshangaa mara nyingi kusikia watu pwani wakisema meli inatukana au inajigamba. Angalau milio mitano mifupi ya haraka, kila mmoja wa kama sekunde moja, ni lugha. Maana yake ni kwamba mwenye meli hayaelewi makusudio yako, au ana shaka kama unachofanya kinatosha kuepusha kugongana. Kanuni ya 9 inamruhusu waziwazi kuwapigia wanaokata njia mbele yake. Ukiisikia wakati umo ndani ya chombo kidogo, usisimame katikati kutafakari na usimpungie mkono. Geuka, onyesha ubavu wa chombo chako, urudi ulikotoka kama hujafika mbali. Mlio mmoja mrefu wa sekunde nne hadi sita ni jambo jingine: hupigwa na chombo kinachokaribia kona ambayo nyuma yake kunaweza kufichika chombo, na anayeusikia akiwa ng'ambo ya kona hiyo hujibu kwa mlio wa namna hiyohiyo.

Kuna njia ya kupima hatari ambayo wazee wa mashua walinifundisha bila kitabu, nami nilikuja kuikuta kitabuni baadaye kama Kanuni ya 7. Unakaa mahali pamoja bila kusogea, chombo chako kikiwa kinashika mwelekeo uleule, unailinganisha omo ya meli na kitu kilichosimama ndani ya chombo chako, mathalani mlingoti au nguzo ya turubai. Meli ikisogea nyuma ya nguzo, itapita nyuma yako. Ikisogea mbele, itapita mbele. Ikibaki papo hapo kwenye nguzo huku ikizidi kuwa kubwa, mtakutana. Mtoto wa darasa la tano anaweza kujifunza kipimo hicho kwa safari moja, na wapo manahodha wa boti za kukodi wanaovuka mkondo kila siku bila kukijua. Hata hivyo kisitumiwe kutafutia nafasi ya kuponyoka mbele ya meli kubwa iliyo karibu. Kwa umbali mfupi omo na tezi (sehemu ya nyuma ya meli) ni kama vitu viwili tofauti, na kipimo kinaweza kukudanganya.

Wavuvi nawatetea kidogo hapa. Mvuvi wa Mtongwe au wa Likoni hakuhamia katika njia ya meli. Njia ya meli ndiyo iliyopanuliwa na kuchimbwa ikamkuta babu yake akitega hapo. Kumwambia aondoe wavu bila kumwambia saa ya meli kupita ni kumwonea. Bandari hujua meli ipi inatarajiwa na rubani anapanda saa ngapi. Taarifa hiyo ingeweza kufika kwenye bandari ndogo za wavuvi kwa simu kila jioni, kupitia vikundi vyao vya usimamizi wa fukwe. Na usiku, chombo cha kasia kiwe angalau na tochi ya kuwashwa kwa wakati unaofaa kuepusha kugongwa, kama Kanuni ya 25 inavyotaka. Taa ya simu iliyo mfukoni, chini ya leso, haihesabiwi.

Sikumbushi haya kwa kuwa nataka kutia watu hofu. Watu 272 walikufa katika ajali ya feri Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, na ingawa feri ile ilipinduka bila kugongwa na meli yoyote, hakuna familia ya Mombasa Kusini inayohitaji kuambiwa maji ya Kilindini yanaweza kufanya nini. Wala ajali za kugongana si za nchi zetu tu. London kwenyewe, usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989, mashua ya starehe Marchioness iligongwa katika Mto Thames na meli ya kuchimba mchanga, Bowbelle, wakafa watu 51. Vyombo vile vilikuwa vinaelekea upande mmoja, havikuwa vinakatana, lakini uchunguzi ulikuta kwamba uangalizi ulikuwa mbovu katika vyombo vyote viwili, na kwamba wote wawili walikuwa na sehemu za maji wasizoweza kuziona. Mto ulikuwa mwembamba, majengo ya jiji yalikuwa pande zote mbili, na taa zilikuwa nyingi.

Sasa nije kwenye ombi langu. Mkataba wa 1972 uliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na maandiko hayo mawili ndiyo yenye nguvu sawa. Kwa meli za kimataifa yanatosha. Kwa kijana wa Mtongwe anayeomba leseni ya kuendesha boti, aliyezaliwa, akasoma madrasa na kupiga makasia kwa Kiswahili, hayatoshi. Mimi katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kukabidhiwa na mwajiri yeyote karatasi moja ya kanuni hizi kwa Kiswahili; nilizisoma kwa Kiingereza, kamusi mkononi, nikiwa nimekwisha kuwa mtu mzima. Naomba Mamlaka ya Bahari ya Kenya na Mamlaka ya Bandari ya Kenya zikae na manahodha, wavuvi na walimu wa Kiswahili, watoe tafsiri ya kanuni zinazowahusu wenye vyombo vidogo, kwa maneno yanayotumika pwani: omo, tezi, mkondo, kina, kulia, kushoto. Anayetafuta leseni aulizwe maswali kwa lugha hiyo, tena aulizwe majini, ndani ya chombo, meli ikiwa inaonekana, badala ya kuandika majibu dawatini.

Na yawekwe mabao yenye maandishi kwenye vivuko. Ninayapendekezea maneno haya, ambayo wenye kujua zaidi wanaweza kuyarekebisha: "Meli kubwa haiwezi kusimama wala kutoka nje ya njia yake. Usikate mbele yake. Subiri ipite, kisha vuka nyuma yake. Ukisikia milio mitano mifupi, unaambiwa hueleweki: geuka mara moja." Ubao mmoja mmoja usimamishwe kila upande wa kivuko cha Likoni mahali ambapo abiria hupanga foleni, ili anayesubiri asome sababu ya kusubiri kwake. Mwingine uwekwe Mtongwe, na mwingine Bandari ya Kale, ambako majahazi na boti za watalii huingia na kutoka kwa mlango mwembamba vilevile. Mabao ya Mtongwe na Bandari ya Kale yaelekezwe upande wa mchangani, boti zinakovutwa, kwa urefu wa macho ya mtu aliyeinama anafungua kamba.

Wako mtiifu,

Baharia mstaafu,
Likoni, Mombasa.